Banda la Bati

Kila siku ya kazi, ikifika saa moja asubuhi, nyumba ya Fundi ilikuwa tupu. Fundi mwenyewe alikwenda karakana kuchomelea mageti. Mkewe alikwenda hotelini, ambako alifua na kupiga pasi mashuka. Binti yao alikwenda shule, na baada ya masomo alikaa kwa shangazi yake mpaka mama ampitie. Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Watu walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukupumzika hata akiwa anakula.

Siku moja wezi waliruka ukuta mchana kweupe. Walibeba redio, pasi na mtungi wa gesi.

"Dawa yao ni mbwa," alisema Fundi.

"Na nani atakaa naye?" aliuliza mkewe. "Sisi sote tunashinda nje."

"Mbwa wa ulinzi hahitaji mlezi, Mama Kasuku. Anahitaji banda."

Banda akalijenga mwenyewe. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Seremala angelijenga kwa mbao. Fundi wetu alijua chuma, akalijenga kwa chuma. Paa bati, kuta bati, sakafu bati. Lilikuwa na mlango mdogo mbele, na hapakuwa na tundu jingine lolote. Akalipaka rangi nyeusi kama mageti yake, akaliweka katikati ya ua ili wezi walione. Majirani walilisifu. Hata mimi ningelisifu, maana ilikuwa kazi safi.

Mbwa alitoka kwa rafiki wa karakana. Alikuwa kijana, rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Kasuku alimwita Askari. Jumamosi na Jumapili Askari alilala juu ya miguu ya Kasuku, naye Kasuku alimsimulia habari zote za darasa la tatu.

Jumatatu asubuhi Fundi alimfunga Askari kwa mnyororo kwenye banda. Akamwekea beseni la maji. Akafunga geti kwa kufuli kubwa, akatia ufunguo mfukoni.

Nyumba ya pili aliishi Mshonaji, mama mtu mzima aliyeshonea barazani kwake. Jioni alimsimamisha Fundi njiani.

"Jirani, mbwa wenu amelia mchana kutwa."

"Safi! Ndiyo kazi yake hiyo. Wezi wamsikie."

"Sikiliza, Fundi. Mimi nimefuga mbwa miaka mingi. Hicho si kilio cha ulinzi. Analia kwa kuachwa peke yake. Tena banda lenu linapigwa na jua tangu saa tatu."

"Atazoea tu, mama," alisema Fundi, akacheka. "Hata mimi kazini nalia siku ya kwanza ya wiki."

Jumanne Askari alilia. Jumatano alilia mpaka sauti ikakauka. Usiku huo, wakati wa kula, Kasuku aliuliza, "Baba, kwa nini tusimfungue akae kivulini?"

"Mbwa aliyefunguliwa anakuwa goigoi. Kula, mwanangu."

Alhamisi, saa saba mchana, simu ya Fundi ililia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mteja, miwani ya kazi usoni.

"Fundi, mbwa wako amenyamaza," alisema Mshonaji. "Tangu saa sita simsikii kabisa."

"Afadhali! Si nilikwambia atazoea? Leo utashona kwa raha zako."

"Jirani, njoo umwangalie. Mimi sina ufunguo."

"Nina geti la watu hapa. Nikimaliza nitakuja."

Hakumaliza mpaka jioni.

Fundi alipofungua geti, Kasuku ndiye aliyetangulia kuingia uani. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate alichokibakisha shuleni. Beseni lilikuwa limepinduka mbali. Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wa banda. Askari alikuwa mle ndani, maana hapo tu ndipo mnyororo ulipomruhusu kukimbia jua. Alikuwa amekufa. Kasuku hakupiga kelele. Aliweka mkate karibu na mdomo wa mbwa, akaingia chumbani kwake.

"Wezi wamempa sumu," alisema Fundi. Alirudia maneno hayo mara nyingi jioni ile.

Kesho yake Mshonaji alimwita daktari wa mifugo. Alikuja mchana, dada mmoja mwenye buti za mpira na maneno machache. Fundi na mkewe hawakwenda kazini. Kasuku alikuwa amekataa kwenda shule, akasimama mlangoni. Daktari alimtazama mbwa mdomoni. Akatazama beseni, mnyororo na banda.

"Hakupewa sumu," alisema. "Joto ndilo lililomuua."

"Joto? Mbwa ana manyoya, anaishi nje!"

"Sisi tukipata joto tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa hawezi. Yeye anajipoza kwa kuhema tu. Sasa akivuta hewa ya moto, hana maji, na hawezi kuondoka, atajipoza vipi? Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi gusa bati."

Fundi alizoea chuma cha moto, lakini aliuondoa mkono haraka. Akasimama kidogo. Kisha, bila kuambiwa, akapiga magoti, akaingia ndani ya banda lake mwenyewe.

Wengine walingoja uani. Fundi alitoka akitambaa. Shati lilikuwa limelowa, na alikuwa anahema mdomo wazi.

"Nimekaa dakika chache," alisema. "Mlango wazi, bila mnyororo." Alimtazama binti yake. "Mimi ndiye niliyemuua, mwanangu. Alipolia nilisifu. Aliponyamaza nikafurahi."

Kasuku aligeuka, akaingia ndani.

"Ukimkuta mbwa anahema sana, mate yamekuwa mazito, anayumba," daktari alisema, "mhamishe kivulini mara moja. Mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, mpe maji kidogo kidogo akiweza kunywa. Halafu mlete kwetu, usisubiri jioni."

Mama Kasuku aliuliza, "Kwa hiyo sisi watu wa kazini tusifuge mbwa?"

"Fugeni, mama, lakini mjipange kabla hajaja. Ashinde kivulini, penye upepo, bila mnyororo. Maji yawe kwenye chombo kizito. Mtembezeni asubuhi kabla ya kuondoka. Na katikati ya mchana lazima mtu afike amwone. Kukaa peke yake pia hufundishwa. Unamwacha dakika tano, unarudi. Kesho kumi. Polepole anajua kwamba mnarudi."

Walimzika Askari. Fundi alilikatakata banda kwa msumeno wa chuma. Nyuma ya nyumba, penye kivuli kutwa, alijenga jingine la mbao, limeinuliwa kutoka chini, lina matundu ya hewa. Mbao zilimshinda kidogo, na mlango ulikuwa umepinda. Hakuna aliyelisifu.

Ila Kasuku hakurudi kuwa Kasuku. Alijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Fundi alitamani kelele zake mpaka alikosa usingizi.

Baada ya miezi mitatu daktari aliwaletea mbwa jike, mzee, aliyekwisha kuchanjwa. Mwenye mbwa huyo alikuwa amehama mji. Pua yake ilikuwa na mvi, wakamwita Bibi. Likizo nzima ya Fundi ilikwenda katika kumzoeza Bibi kubaki peke yake. Alitoka nje ya geti, akasimama dakika tano kama mtu aliyefukuzwa kwake, akaingia tena. Majirani walimcheka. Ufunguo wa pili akampa Mshonaji, amwangalie Bibi kila mchana.

Na kila jioni Kasuku alimwuliza baba yake swali moja tu: "Nani amemwona leo saa saba?"

"Mshonaji," Fundi alijibu. Alikwisha kumpigia simu kuhakikisha.

Siku moja ya jua kali alipiga simu kama kawaida.

"Ah, jirani, nisamehe," alisema Mshonaji. "Niko hospitali tangu asubuhi, nilisahau kukwambia."

Fundi aliweka chini kifaa chake cha kuchomelea. Mteja alimwita, hakugeuka. Alikimbia njia nzima, miwani ya kazi kichwani. Getini aliita, "Bibi! Bibi!" Kimya. Ufunguo ulimwanguka mara mbili.

Bibi alikuwa amejinyoosha kivulini, kando ya sufuria ya maji. Alifungua jicho moja, akapiga mkia chini, akalala tena. Fundi aliketi karibu yake mpaka pumzi zikamrudia.

Jioni Kasuku alisimama mbele yake. "Nani amemwona leo saa saba?"

"Mimi."

"Mshonaji je?"

"Alikuwa hospitali."

"Sasa geti la watu?"

"Nililiacha."

Kasuku alitazama kandambili za baba yake. Moja ilikuwa imekatika.

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia, mwanangu."

Kasuku alikaa chini, kati ya baba na mbwa.

"Baba," alisema, "leo mwalimu wetu amekalia chaki, halafu akazunguka shule nzima hajui, halafu mwalimu mkuu naye..."

Aliendelea mpaka chakula kikapoa, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.