Shimo la Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Mwatima alifagia ua, akajaza mtungi, kisha akazunguka nyumba yao ya udongo kuangalia kama kuku hawajapekua kuta. Nyumba hiyo, pembezoni mwa Chake Chake, ndiyo mali pekee aliyoiacha marehemu baba yake. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, na kila msimu wa karafuu wachumaji kutoka mbali walikuja kutafuta pa kulala.

Mama yake, Bi Kazija, alianza vizuri. Alipangisha chumba kimoja, na kodi yake ikaezeka paa upya. Mwaka uliofuata akaongeza cha pili. Basi hapo tamaa ikampanda kichwani. Alitaka cha tatu na cha nne kwa mpigo mmoja, kabla msimu haujaanza. Udongo mzuri ulikuwa mbali, ng'ambo ya mto, kwa hiyo akaamuru uchimbwe papo hapo nyuma ya nyumba.

"Hapa sipo, Bi Kazija," alisema fundi Bakar. "Mvua ikija, maji yatatuama na kuula ukuta."

"Wewe kandika tu. Shimo n'talifukia nikishamaliza."

Hakulifukia. Chumba cha tatu kilipata wapangaji hata kabla hakijakauka: Ngwali, mchumaji wa karafuu, mkewe Mwanawema na mtoto wao mchanga. Kodi yao yote ikaishia kwenye boriti na fito za chumba cha nne.

Mvua za vuli zikaanza. Shimo likajaa maji machafu, mbu wakazaliana, na mtoto wa Mwanawema akashikwa na homa. Asubuhi moja, katika mzunguko wake wa kawaida, Mwatima aliona ufa chini ya ukuta wa nyuma wa chumba cha tatu. Aliingiza vidole, vikazama hadi kiganjani. Alikimbia kumwambia mama yake.

Bi Kazija aliutazama ufa. "Chukua udongo uuzibe," alisema. "Na usimwambie mtu. Wakihama hawa, cha nne n'takimaliza na nini?"

Mwatima aliuziba. Kwa nje ukuta ulionekana mzima kabisa. Lakini kila aliposikia kitoto kile kikilia ndani, aliacha kazi akaenda kuupapasa ukuta. Alimpenda mama yake na alimwogopa pia. Siku ya tatu alishindwa kula, akaenda kubisha hodi.

"Bi Mwanawema, ukuta uno mbovu," alisema huku akilia. "Mimi ndiye niliyeuziba. Tafadhali tokeni."

Mwanawema hakuuliza mara mbili. Alimbeba mtoto, na Ngwali akatoa kitanda na vyombo, wakajibanza ukumbini. Bi Kazija aliporudi kutoka sokoni aliwaka kwa hasira.

"Umenivunjia riziki, Mwatima! Mtoto gani wewe?"

Alasiri mvua ilinyesha kwa nguvu. Walisikia kishindo kizito, kisha paa likalalama. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani, mahali palipokuwa na kitanda asubuhi ile, na tope limejaa hadi magotini. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

Bi Kazija alikaa chini akalia. "Nisameheni, jamani," alisema. "Nilijua."

Ngwali alichukua jembe akaanza kutoa tope. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Msimu ule ulikuwa mchungu. Bi Kazija aling'oa boriti za chumba cha nne akazitumia kusimamisha upya cha tatu. Udongo ulitoka ng'ambo ya mto, kikapu kwa kikapu, na shimo likafukiwa. Majirani walikuja kukandika, wakapikiwa wali mkavu bila kitoweo. Cha nne hakikujengwa.

Ukuta ulipokauka, Ngwali alisogeza kitanda chake mlangoni. Bi Kazija akamzuia.

"Bado. Tutalala humu mimi na Mwatima mpaka vuli imalizike. Nyinyi laleni chumbani kwetu."

Alitandika mkeka chini ya ukuta ule ule, akamvuta binti yake karibu.

"Sikia, mwanangu. Kuongeza vyumba si kosa. Kosa langu nililaza watu mahali ambapo mimi mwenyewe nisingelala, kisha nikakufundisha kuficha. Ungenitii, leo tungekuwa na kaburi dogo."

Nje mvua ilianza tena. Mwatima aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo mpaka usingizi ukamchukua.