Baya Kwanza, Zuri Baadaye

Darasa la Kiingereza la jioni lilikuwa limejaa pomoni. Msusi alifika amechelewa, gauni la njano limemkaa, mikono bado inanukia mafuta ya nywele, akabanana na fundi friji kwenye benchi la nyuma.

"Sogea kidogo, kaka. Au benchi umelirithi?"

"Nilikuwa namwekea mke wangu," fundi akajibu, akasogea. "Naona ameshafika."

Siku hiyo mwalimu alifundisha neno moja: fortunately, yaani kwa bahati nzuri. Walifanya mazoezi wawili wawili. Mmoja alitaja jambo baya, mwenzake akaanza na neno hilo na kumalizia kwa jema. Kwingine kote Kiswahili kiliruhusiwa.

"Nimekosa basi," alisema msusi.

"Fortunately, nina pikipiki."

Alimpandisha kweli. Mapenzi yakakolea, na mchezo ukahamia kwenye simu.

"Laazizi, mvua imenikuta njiani."

"Fortunately, chai iko jikoni."

"Mama hakutaki."

"Fortunately, simuoi yeye."

Mtu akizoea utani hajui pa kukomea. Msusi alipopata mimba alidhani wamefurahi wote wawili, hata akanunua kofia ndogo ya sufi. Kisha akampigia fundi kutoka hospitali.

"Mpenzi, mimba imeharibika. Mtoto hatunaye tena."

Fundi alikuwa ameinama nyuma ya friji la watu, simu kaibana begani. Ulimi ukamtangulia.

"Fortunately, hatujamwambia mtu."

Simu ikakatwa. Alipiga tena na tena, hakupokelewa. Ubaya ni kwamba hakuwa anatania. Moyoni alikuwa amepumua, na msusi aliisikia ile pumzi.

Alipopona, msusi alirudi darasani. Fundi alikuwa akimngoja, shati limepigwa pasi, pete mfukoni. Mwalimu, asiyejua lolote, akawainua wafanye zoezi lao la zamani.

Fundi akaanza. "Nimemkosea mwanamke ninayempenda. Nimemletea pete, na naogopa ataikataa."

Msusi akamtazama kuanzia kola mpaka viatu. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira.

"Fortunately," akasema taratibu, "amemjua kabla ya kuivaa."

"Sahihi," akasema mwalimu, akawaita wawili wengine.