Hodi Kutoka Nyumba ya Kisimani

Hodi ilitoka kwenye televisheni, na Shamsudin akaijibu kama alivyojibu hodi zote tangu ajue kusema. "Karibu," alisema, macho hayajabanduka kwenye kioo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na mtaani, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hapakuwa hata na paka. Ndipo alipokumbuka kwamba mlangoni kwake hapakuwa na mtu, na kwamba gemu alilokuwa akicheza lilikuwa la Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho.

Msimwonee huruma haraka. Alijitakia mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya hapo pikipiki ilikuwa imemvunja mguu huko Mapinga, alikokuwa akiwaonyesha watu wa Dar viwanja ambavyo mvua ikinyesha hugeuka bwawa. Akafungwa plasta ngumu, akarudishwa Bagamoyo, akakaa sebuleni na kuwa kero. Shemeji yake Adamu, mdogo wa mkewe, akamletea mashine ya gemu ili nyumba ipate kupumua. Shamsudin alijua gemu la mpira tu. Hili lilikuwa la wachawi, mazimwi, panga zinazowaka moto, na shujaa mwenye nywele kama kuku aliyenyeshewa.

Alilidharau tangu saa ya kwanza, na katika hilo mimi simlaumu. Shujaa anaitwa mwokozi wa dunia, lakini akikuta ukuta wa kimo cha goti hawezi kuuvuka. Dunia inateketea, na mfalme anamtuma akamtafute kuku wa jirani. Amebeba panga kumi na nne na boga zima mfukoni, na bado anakimbia. Na maneno! Kila unayemgusa ana hotuba ndefu, juu ya ufalme uliopotea, juu ya mwanawe aliyepotea, juu ya pete iliyopotea. Watu wa nchi ile hawajui kutunza kitu. Bahati nzuri kwenye pedi ya kuchezea palikuwa na kitufe cha duara, na ukikibonyeza maneno yanakatika. Shamsudin alikizoea kitufe kile kuliko vyote. Mfalme akifungua mdomo, bonyeza. Mama akimlilia mwanawe, bonyeza.

"Shem, hilo gemu ni stori," Adamu alilalamika kwenye simu. "Ukiruka maneno utaelewa nini sasa?"

"Nielewe nini kwa watu wa kuchorwa?"

Lakini kilichomchekesha kuliko vyote ni kwamba shujaa huingia nyumba yoyote bila hodi. Huvunja mitungi, hufungua makasha, hubeba anachotaka, na mwenye nyumba amesimama palepale akirudia sentensi moja ileile. Kando ya kisima fulani palikuwa na nyumba ya mwanamke mwenye ushungi wa kijani. Kila ukimgusa alisema kwa Kiingereza kwamba mkate uko mezani. Shamsudin aliingia kwake mara nane siku moja. Alivunja mitungi yote, akatoka, na kwa kuwa akitoka mitungi ilirudi mizima, akaingia tena akaivunja.

"Hebu njoo umwone mjinga huyu," alimwita mkewe. "Nimembomolea nyumba, yeye mkate uko mezani!"

Nadhira alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo, na mtaa mzima uliujua. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumsema mumewe kwa maneno yaleyale mara mbili. Shamsudin alilalamika kwa rafiki zake, lakini ukweli ni kwamba alimpenda kwa hilo, na kila asubuhi aliamka akingoja kusikia leo ataitwa nani.

"Huko kwao wangekuwa na akili wangekuvunja na mguu wa pili," alisema Nadhira. "Mgonjwa mzima, kazi kuingia majumbani mwa watu. Hata wa kwenye kioo huwaonei haya, kaniki isiyotakata we!"

Akarudi jikoni. Mumewe akacheka mpaka plasta ikamuwasha.

Kesho yake ndiyo siku ya hodi. Shujaa alikuwa amesimama ndani ya nyumba ya kisimani, lakini mwanamke wa ushungi wa kijani hakuwamo. Mitungi ilikuwapo, mkate ulikuwapo, mwenyewe hayupo. Shamsudin alipokwisha kusema karibu, sebule ikaingia harufu ya kisima kisichotekwa, maji ya zamani na ukoga. Jikoni kitu kikapasuka.

"Mtungi umevunjika wenyewe!" Nadhira alipiga kelele. "Au ni wewe umetuma mizimu yako?"

Shamsudin alimpigia Adamu. "Gemu lako lina Kiswahili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kiswahili? Shem, leo umemeza dawa ngapi?"

Siku ya pili, saa saba ileile, kasha la nguo chumbani lilifunguka, likafungwa, likafunguka. Siku ya tatu ikawa zamu ya kabati la vyombo, droo moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu asiye na haraka wala wasiwasi wa kukutwa. Shamsudin akasema ni panya. Mwanamume mwenye miaka arobaini, aliyezaliwa mji huu, anasikia droo zinafunguliwa na hakuna mkono, anasema ni panya, kisha anaendelea kucheza.

Siku ya nne alijikongoja hadi jikoni. Nadhira alikuwa amesimama kando ya meza.

"Karibu, mume wangu," alisema. "Chai ipo kwenye chupa."

Alishangaa kusikia maneno matamu hivyo. Akamimina, akanywa. "Sukari iko wapi?"

"Karibu, mume wangu. Chai ipo kwenye chupa."

Akacheka, akidhani amebuniwa mzaha mpya. "Haya, umeshinda. Sukari?"

"Karibu, mume wangu. Chai ipo kwenye chupa."

Sauti haikupanda wala haikushuka, ilikuwa ileile pumzi kwa pumzi, na Shamsudin akajaribu jambo ambalo katika miaka tisa halijawahi kupita bila vita, akamwambia kwamba chai yake ni maji ya kuoshea vyombo na kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha, kisha akangoja atukanwe, akaomba Mungu atukanwe, akarudi nyuma kwa magongo yake hatua moja, mbili, tatu, huku shingo ya mkewe ikimgeukia taratibu na miguu yake haisogei, na harufu ya ukoga ikitoka kinywani mwake alipokifungua.

"Karibu, mume wangu. Chai ipo kwenye chupa."

Akalia palepale jikoni. Angalau hilo alilifanya.

Aliyeitwa ni Bi Zuwena wa Kiwangwa, mganga mwenye umri wa bibi na uso wa mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Alifika alasiri. Shamsudin alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba bila kumtazama. Akamkalisha Nadhira sebuleni, akamfunika kanga, akafukiza ubani.

"Nani wewe?" aliuliza.

"Mwenye nyumba," ilijibu sauti chini ya kanga. Haikuwa ya Nadhira.

"Unataka nini kwa watoto wa watu?"

"Mitungi yangu."

Bi Zuwena alimgeukia Shamsudin. "Umefanya nini?" alinong'ona. Akaelezwa yote, na pedi, na kisima, na mara nane. Alisikiliza akiwa amekunja midomo.

"Miaka arobaini natoa majini," alisema. "Wote wanataka pete, wanataka halua, wanataka marashi. Huyu ni mama wa watu ametulia kwake, na wewe umeingia bila hodi. Halafu yeye kapiga hodi kwako kiungwana, na wewe ukamkaribisha. Mwenye adabu hapa ni jini."

"Ni mchezo tu, Bi Zuwena."

"Nyamaza. Washa hilo dude lako. Nenda mlangoni kwake, simama nje, piga hodi tatu kama mtu aliyelelewa. Nyumba ni tupu, hakuna wa kujibu. Ya tatu ikipita kimya, geuka uondoke. Akiona umeijua adabu, atarudi kwake, na mkeo atarudi kwako."

"Na nikijibiwa?"

"Na nani? Mwenye nyumba si huyu hapa?"

Shamsudin akaketi. Akampeleka shujaa wake hadi kisimani, akamsimamisha mbele ya mlango.

"Hodi," alisema. Kimya. Chini ya kanga pumzi zilisikika, nzito.

"Hodi." Harufu ya kisima ikaanza kupungua, na Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

"Hodi."

"Karibu, mume wangu," ilijibu televisheni. "Chai ipo kwenye chupa."

Mlango ulifunguka kwenye kioo. Ndani, kando ya meza ya mkate, alisimama Nadhira, amevaa kanga yake ya njano, mwiko mkononi, mdogo kama kidole. Aliinua uso akamwona. Chini yake maandishi yakaanza kutembea, kwa mara ya kwanza ya Kiswahili, na sauti ilikuwa yake kabisa, ile yenye mdomo.

"Shamsu, kichwa maji we, sikiliza mara moja tu katika maisha yako! Anasema ninatoka humu, lakini sharti wewe u—"

Kidole gumba cha Shamsudin kikabonyeza. Hakukituma. Wiki mbili kilikuwa kikifanya hivyo kila maneno yakitokea, na sasa kilifanya tena.

Maandishi yakakatika. Nadhira wa kwenye kioo akanyooka, akatabasamu.

"Karibu, mume wangu. Chai ipo kwenye chupa."

Akamgusa tena. Akamgusa mara ishirini. Chai ilikuwa kwenye chupa.

"Alikuwa anasema nini?" Bi Zuwena alinong'ona. "Sharti ufanye nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si kakwambia?"

"Nimeruka," alisema Shamsudin.

Bi Zuwena hakumkasirikia. Akamwaga makaa uani, akafunga ubani wake kwenye kitambaa, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Aliyekuwa chini ya kanga akajifunua mwenyewe, akaenda jikoni, na mitungi ikaanza kuvunjika, mmoja mmoja.

Mguu wa Shamsudin umepona. Kile kitufe cha duara amekibandua kwa kisu cha jikoni. Kila siku saa saba mchana hupiga hodi tatu mbele ya televisheni, hukaribishwa, huambiwa habari ya chai, kisha hukaa akingoja sentensi ya pili. Ni mwezi wa tano sasa hajatukanwa.