Wadudu wa Jioni, Jua la Asubuhi

Aroni anaendesha gari la abiria, Noah. Asubuhi anatoka Idodi kwenda Iringa mjini. Jioni anarudi. Barabara ni ndefu, na mgongo wake unayajua mashimo yote. Akifika nyumbani ananawa miguu, anakula, analala. Taarifa ya habari ya redio inamkuta tayari anakoroma.

Mkewe Bertha naye hapumziki. Analima vitunguu. Siku za kuuza anapanda gari la mumewe, anakaa kiti cha mbele, anasinzia mpaka sokoni Mlandege, mjini. Huko ndiko kupumzika kwake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, wadudu walitoka. Walitoka kumbikumbi, nondo na wengine wengi. Kila jioni walifuata taa za gari. Walipasukia kwenye kioo, kwenye boneti na kwenye bampa.

"Baba Vero, gari limejaa wadudu," Bertha alisema jioni moja.

"Nimeona."

"Hulioshi?"

"Gari naoshaga Jumamosi, mama. Jumapili liende kanisani likiwa safi. Leo Jumanne, na mimi nimechoka."

Bertha hakubishana. Maji anayabeba kichwani kutoka bombani, hakuwa na hamu ya kuyamwagia gari. Tusiwaseme. Nani kati yetu hana vyombo vya jana kwenye beseni?

Asubuhi waliondoka pamoja na abiria wao. Wadudu walikuwa wamekauka na kugandana na kioo. Walipofika kwenye kona moja, jua lilichomoza mbele yao. Aroni aliwasha wipa. Wipa ikawasambaza wadudu, na kioo chote kikawa cheupe kama kimepakwa uji.

"Baba Vero, sioni kitu," Bertha alisema. "Simama."

Aroni alikanyaga breki. Gari liliteleza kwenye vumbi, kisha likasimama. Mbele ya bampa alikuwepo Mzee Nkuba, mfugaji wa pale, ameshika kamba ya ndama wake. Angenyoosha mkono angeligusa gari.

Aroni alishuka. 

"Shikamoo mzee. Nisamehe. Jua lilinipiga machoni."

"Marahaba," Nkuba alisema polepole. "Mwanangu, mimi nilikuona toka mbali. Nikajua na wewe umeniona."

Aroni aligeuka, akakitazama kioo chake.

Tangu pale Bertha hakusinzia tena ndani ya gari. Alikaa macho, ameshika kishikio cha mlango. Aliogopa mumewe ataua mtu. Aliogopa pia kwamba siku hiyo yeye atakuwa amekaa pembeni yake, akitazama.

Jioni moja hakuvumilia. Mumewe alikuwa ndani, amejinyoosha. Bertha alichukua majivu na stiliwaya. Sufuria zake hung'aa juu ya kichanja, na wanawake wanaopita njiani huzisifia. Alijua kinachotoa ugali ulioungua kitatoa na nondo. Akaanza kusugua boneti kwa nguvu zote.

Jirani yao Damari alikuwa anarudi kazini. Damari ni dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya.

"Kamwene, Mama Vero," alimsalimia kwa Kihehe. "Acha kwanza. Unakwangua rangi."

Bertha alitazama. Pale aliposugua wadudu hawakuwepo, na mng'ao wa rangi haukuwepo. Ilibaki mikwaruzo.

"Basi gari nimeliharibu."

"Ni hapo tu. Kioo hujakigusa?"

"Bado."

"Afadhali. Kioo kikikwaruzwa hakiponi. Jua likipiga, unaona mikwaruzo badala ya barabara."

Aroni alitoka nje, macho mekundu.

"Dada Damari, sasa tufanyeje? Jumamosi bado, na maji yenyewe ya shida."

"Huoshi gari, unatoa wadudu tu. Mimi natumiaga jagi moja."

Damari aliomba fulana kuukuu ya pamba na maji safi. Akaigusa boneti kwa kiganja. "Kwanza gari lipoe. Likiwa la moto, maji yanakauka haraka." Lilikuwa limeshapoa. Akaloweka fulana, akailaza juu ya kioo.

"Sasa?" Bertha aliuliza.

"Sasa tunasubiri walainike. Kaa."

"Kazi ya kukaa naiweza," Bertha alisema. Wakakaa wote watatu kwenye benchi. 

Baadaye Damari alifuta taratibu. "Usikandamize. Wamelainika, wanatoka wenyewe. Kitambaa kikichafuka, geuza upande. Kikianguka chini usikirudishe kwenye gari, kina mchanga. Waliogoma kutoka, wawekee maji tena."

Aliinua wipa, akafuta mpira wake. Ulitoka uchafu mweusi.

"Huu ndio unaosambaa kwenye kioo kama uji," alisema. "Usiwashe wipa kwenye kioo kikavu."

Kisha alikausha kioo kwa kitambaa kingine. Akafuta boneti na taa kwa njia ileile.

"Kila jioni hivi?" Aroni aliuliza kwa unyonge.

"Kila jioni yenye wadudu. Ukiwaacha, kesho jua linawakausha hapo, wanakula na rangi. Hata mimi nimechoka, Aroni. Lakini asubuhi nabeba mama mjamzito. Lazima nione."

Siku hizi Aroni akifika nyumbani, Bertha anampa jagi. Analaza kitambaa kwenye kioo, kisha ananawa miguu. Akimaliza kunawa, wadudu wamelainika. Anafuta, ndipo anakula. Jumamosi gari linaoshwa kama zamani. Ile mikwaruzo kwenye boneti bado ipo, na Bertha hamfichi mtu kwamba ni yake.

Siku moja ya kuuza vitunguu walifika tena kwenye ile kona. Jua lilikuwa mbele yao. Aroni aliteremsha kinga ya jua, akatazama. Alimwona Mzee Nkuba toka mbali, pamoja na ndama wake. Akapunguza mwendo, akasimama taratibu. Nkuba aliinua fimbo kumsalimu, akavuka.

Aroni aligeuka amwambie mkewe. Bertha alikuwa amelala. Kichwa kiliegemea dirisha, na mikono yake yote ilikuwa mapajani. Aroni akaondoa gari polepole, asimwamshe.