Kengele ya Tundu Tupu

Kengele ililia mchana kweupe, kutoka kwenye tundu la mtambo wa mtandao lisilochomekwa waya wowote.

Bwana Waya, fundi wa mtandao wa hospitali, wenzake walimtania kwamba waya ukipiga chafya yeye husikia. Aliingia chumba cha mitambo akakagua. Tundu lilikuwa tupu kweli. Hata hivyo, kwenye kompyuta yake kitu kilionekana kikipita humo kuelekea wodi ya mahututi, kitanda cha dirishani. Mkewe alikuwa amelala pale tangu ajifungue, hajafumbua macho, mashine ikimpumulia. Fundi alikwisha kuomba dua zote alizozijua, na nyingine akazitunga mwenyewe.

Kengele ikalia tena, na tena. Kwa mafundi, kengele ya uongo huzimwa, maana ikilia ovyo watu huizoea, na siku ya hatari hakuna anayeinuka. Lakini kwanza aliiagiza programu inase kila kinachopita kwenye tundu lile. Alipokifungua kilichonaswa, akakuta ni sauti. Akavaa hedifoni. Chumba kikanuka udongo mbichi.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona. "Kengele yako inanitesa. Kila nikikaribia kuamka, inanirudisha."

Fundi alijua si yeye. Mkewe alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, angesemaje? Alijua, na bado machozi yalimtoka kwa furaha, kwani mfa maji haishi kutapatapa.

"Nikiizima, utaamka?"

"Izime, mpenzi. Nimechoka."

Akaichagua kengele ile moja, ya kitanda cha dirishani, akaiamuru inyamaze.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, feni za mitambo zilizunguka bila mlio, harufu ya udongo ikamjaa puani na kumshuka kooni kana kwamba mtu anamfukia akiwa wima, akaita jina la mkewe kwenye hedifoni akaitikiwa na pumzi tu, pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, akatupa hedifoni na kukimbia ngazi mbili mbili hadi wodini.

Muuguzi alikuwa mlangoni.

"Shemeji, pole," alisema kwa sauti ya chini. "Mpira ulichomoka tena. Tumechelewa."

"Tena?"

"Huchomoka wenyewe. Kila ukichomoka, kengele hulia kwenye simu yetu ya wodi, tunakimbia kuurudisha. Tulidhani ni ya mashine yake. Leo haikulia."

Kabla hajaingia wodini, simu ya wodi ililia mkononi mwa muuguzi, ikionyesha tundu lile lile, safari hii kuelekea chumba cha watoto wachanga.

"Kimbia, dada. Mtoto wangu," alisema, naye akashuka chumba cha mitambo kuilinda kengele isizimwe. Aliikumbatia kompyuta, mikono mbali na vitufe. Hedifoni zilikuwa sakafuni, lakini alisikia vizuri.

"Mume wangu," sauti ilisema taratibu, "mtoto naye anataka kuamka."