Pita Katikati

Nyinyi wa Gisenyi, wa kando ya ziwa na wa kule Mbugangari, wenye cherehani na wenye nyavu, sogeeni msikie yaliyoifika nyumba ya Kadiri fundi. Wengine wenu mlimjua, mkavaa kanzu alizoshona. Wengine mlizaliwa baadaye, na mkipita pale penye mawe meusi ya volkano mnaona tu wazazi wenu wakiwashika mkono na kuwavuta kando. Sikilizeni ni kwa nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Saidati, mke wa Kadiri, alipenda kukaa barazani jioni, ungo wa mchele mapajani, akichambua vijiwe huku binti yao Mwamini akiruka kamba uani. Kulikuwa kumetulia. Upande wa kaskazini, juu ya Nyiragongo, wingu lilikuwa jekundu kwa chini, kwa ule moto wa mlimani usiolala. Saidati alizaliwa akiuona mwanga huo, na bado kila jioni ulimfanya aseme Subhanallah. Ndani, cherehani ya mumewe ilikwenda taratibu. Hapakuwa na ugomvi katika nyumba hiyo. Hapakuwa na maneno mengi vilevile.

Maana Kadiri alikuwa mtu wa woga. Siku ya kumposa Saidati alishindwa kumjibu mzee Muhamadi, baba mkwe wake, hata salamu ya pili; mjomba wake ndiye aliyesema yote. Msimamizi wa soko alipomwondoa kwenye baraza ya duka na kumpeleka mahali panapovuja, Kadiri aliibeba cherehani yake kichwani akaenda bila kufungua kinywa. Mvua ikinyesha alizifunika nguo za watu kwa turubai, yeye mwenyewe akalowa. Saidati alimpenda, lakini kuna siku alimwonea huruma mpaka akaona haya.

Ndipo akaja Mwalimu Kayitare.

Alishuka kutoka kwenye lori la Ruhengeri, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe. Jina lake lilikuwa limemtangulia. Kule alikopita watu walikariri maneno yake kama wimbo. Alipanda juu ya meza uwanjani karibu na soko, na watu wakajaa, Waislamu na Wakristo, makarani na wavuvi, hata wanawake wakasimama nyuma na vikapu vyao. Akawaambia kwamba tangu utoto alikuwa na kigugumizi, kwamba alikuwa karani anayejificha nyuma ya mlango, mpaka siku aliyoamua kusema mbele ya watu hata wakicheka. Walicheka. Aliendelea kusema. Na ulimi ukafunguka.

"Woga ni ukuta wa moshi!" sauti yake ilijaza uwanja. "Ukiuona mbele yako, usizunguke, usirudi nyuma. Pita katikati! Utatokea upande wa pili ukiwa mzima, na utacheka."

Saidati alisikia mwili ukimsisimka. Alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona amesimama mbele kabisa, machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

Kesho yake Kadiri alimwendea msimamizi wa soko mbele ya watu wote.

"Bwana musimamizi, ile baraza ilikuwa nafasi yangu. Mvua inaharibu nguo za batu. Nirudishie."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyesikia jiwe likisema. "Kumbe we unajua kusema?"

"Mi najua."

"Bon. Rudi basi."

Jioni hiyo Kadiri aliacha cherehani, akaja kukaa barazani karibu na mkewe. "Mama Mwamini, miaka yote hii iko neno niliogopa kukuambia. We uko muzuri. Kila siku naona, nanyamaza. Niliogopa utanicheka."

Saidati alicheka kweli, halafu akajifunika uso kwa kitenge akalia. Toka siku hiyo nyumba yao ilisikika mpaka kwa majirani, kwa vicheko. Basi hapo, ndugu zangu, lazima tuseme kweli. Anayedai kwamba maneno ya Mwalimu Kayitare yalikuwa upuuzi mtupu hakumwona Kadiri akiingia msikitini kifua mbele, akimsalimia baba mkwe wake kwa sauti ya mwanaume mzima.

Lakini mtu aliyefungwa muda mrefu, akifunguliwa, huweza kukimbia mpaka akapita alikokuwa anakwenda. Kadiri aliona woga wake mmoja umeyeyuka, akahesabu kwamba woga wote duniani ni moshi.

Mnalijua lile bonde dogo katikati ya mawe meusi, lenye majani mabichi mwaka mzima. Watu hawalimi pale. Mbuzi wakifungwa pale, asubuhi hukutwa wamelala na hawaamki. Ni mahali pa mazuku, upepo mbaya unaotoka ardhini, usio na rangi wala harufu. Mazuku hukaa chini kama maji yasiyoonekana, na ukiinama ndani yake, basi.

Kadiri alichukua jembe akaenda kulima hapo.

Nyiramana, jirani yao muuza samaki, alimkuta njiani akaweka kikapu chini. "Baba Mwamini! Pale hapana! Hata baba zetu hawakugusa ile udongo."

"Kwa sababu gani?"

"Mazuku iko pale."

"Umeiona?"

"Nani anaona mazuku? Naona mbuzi zimekufa."

Kadiri akacheka kwa upole. "Dada, hii ndiyo ukuta wa moshi. Ardhi nzuri namna hii, batu wanaikimbia. Mi napita katikati."

Alilima alasiri, baada ya kazi, saa ambazo upepo wa ziwa unavuma na kuyafagia mazuku. Hakuna lililompata. Alipanda maharage, yakaota, yakajaa majani mapana yanayong'aa. Watu walikwenda kusimama juu ya mawe na kumtazama mtu aliyetembea mahali pa kifo akipiga mluzi, nao wakastaajabu. Mtu akijaribu kuonya, wengine walimwambia, "Woga wako huo!" na aliyeonya akatahayari, akanyamaza. Na kunyamaza huko, ndugu zangu, kulitufaa nini?

Saidati naye alijaribu, mara moja. "Baba Mwamini, mi naogopa."

"Hata mimi nilikuwa hivyo."

"We ni mutu mukubwa, fanya unavyotaka. Lakini Mwamini asiende kule."

"Unataka akue kama mi wa zamani? Ajifiche nyuma ya cherehani?"

Saidati alimkumbuka yule Kadiri wa turubai na mvua, akaona kwamba akisema zaidi atakuwa anamrudisha kule. Akazitia hofu zake moyoni, akazifunika.

Siku yenyewe ilifika baada ya usiku wa mvua. Asubuhi ilikuwa tulivu mno. Jani la mgomba halikutikisika. Kadiri alitaka kuchuma maharage kabla ya kuanza kazi, na Mwamini akaomba kumfuata. Saidati alikwenda nyuma yao na kikapu. Alipofika juu ya mawe, mtoto alikuwa tayari chini bondeni, ameinama kwenye maharage. Kisha akamwona ameketi, kama aliyechoka. Kisha akalala.

"Mwamini!" Kadiri alikimbia. Akainama kumwinua, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, kinywa wazi, macho yametoka. Angeweza kukimbia peke yake. Hakukimbia. Alimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, mikono yote miwili imenyooka, akaanza kupanda kuelekea kwa mkewe, hatua moja, nyingine, akiyumba. Magoti yakakunjika. Kwa nguvu yake ya mwisho alimrusha mtoto kwenye mteremko, yeye akaanguka kifudifudi chini.

Saidati alisimama ukingoni. Mwili wake wote ulitaka kuruka ndani. Lakini hofu ile aliyokuwa ameifunika ikamwambia, ngoja, na safari hii aliisikiliza. Alipiga kelele kuelekea nyumbani kwa watu, "Mazuku! Ayiwe, mazuku!" Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma, akaifunga, akashuka kichwa juu bila kuinama, akamnasa mtoto kwa gauni akamburuta mpaka juu kwenye mawe. Hapo pumzi ikapasuka. Midomo ya Mwamini ilikuwa ya buluu. Kisha mtoto akakohoa, akatapika, akalia, na Saidati hajawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Alitaka kushuka tena. Nyiramana, aliyekuja mbio, alimshika kiunoni kwa mikono miwili. "Hapana! We ukienda, mutoto atabaki na nani?" Mumewe, Twagirimana mvuvi, alileta kamba ya mtumbwi na mti mrefu wenye ndoana, wakamvuta Kadiri kwa mshipi wake. Hakuwa na jeraha hata moja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi mchana.

Alizikwa siku hiyohiyo. Saidati akaingia eda, na kupitia ukuta akasikia watu wakibishana. Hawa walimlaani Mwalimu Kayitare, wakasema ni muuaji. Wale wakasema Kadiri alikufa shujaa, na kila mtu afanye kama yeye. Yeye hakukubaliana na hawa wala wale.

Alipotoka eda, Mwalimu akarudi Gisenyi. Uwanja ulijaa kuliko mwanzo. Mzee Muhamadi alimwambia binti yake abaki nyumbani. Si desturi mjane kusema mbele ya wanaume. Saidati alimbusu mkono, akaenda. Watu walipomwona walimpisha, mpaka akafika mbele ya meza.

"Mwalimu, mi niko mujane wa Kadiri fundi. Kwanza nakushukuru. Bwana wangu alikuwa hasemi, ukamupa kinywa. Aliniambia niko muzuri. Na siku ile hakumuacha mutoto; Kadiri wa zamani, sijui kama angeweza. Hiyo ni kazi yako." Akainua uso. "Lakini Kadiri wa zamani hangeingia mule ndani hata siku moja. Hiyo pia ni kazi yako. Sasa nipime namna gani? Niambie we."

Mwalimu alifungua kinywa, na watu wakasikia kitu ambacho hawakutegemea kukisikia katika maisha yao. "Si... si... si-si-sikujua," alisema. "Mama, si-sikujua." Hakuna aliyecheka.

Aliomba aonyeshwe mahali penyewe. Asubuhi iliyofuata, hewa ikiwa imetulia, alikwenda na Saidati na Twagirimana na watu wengi nyuma yao. Twagirimana alifunga matete makavu kwenye ncha ya mti mrefu, akayawasha yakawaka vizuri, akayateremsha polepole bondeni. Moto ulishuka ukiwa mzima. Ghafla, kabla haujagusa majani, ukazimika. Haukupeperushwa, maana hapakuwa na upepo. Ulizimika kama uliobanwa na vidole. Moshi wake haukupanda. Ulitanda kimya juu ya kitu kisichoonekana, ukaelea kama unavyoelea ukungu juu ya ziwa, na kwa mara ya kwanza watu wakakiona kina cha lile walilokuwa wakiliogopa.

Mwalimu Kayitare alivua kofia, akakaa juu ya jiwe.

"Kwetu vilimani sijawahi kuona kitu hiki," alisema taratibu, akilichunga kila neno. "Mimi woga wangu ulikuwa wa kuchekwa. Nilifikiri watu wote wanaogopa kuchekwa."

"Wengi wanaogopa hiyo," Saidati alimjibu. "Usiache kuwafundisha, Mwalimu. Lakini uliza kwanza mutu anaogopa nini, na kwa sababu gani."

Mwalimu aliondoka na lori. Waliotoka Ruhengeri baadaye walisema bado anafundisha, lakini hapandi tena juu ya meza. Hukaa katikati ya watu, huanza kwa kuuliza, na husikiliza muda mrefu. Na kila mahali huwasimulia habari za Kadiri, kwa jina lake.

MAFUNZO

Ndugu zangu, msilaani kila mwalimu anayekuja na maneno ya moto. Kadiri alipewa maneno hayo, yakamfanya mume anayecheka na baba aliyemnyanyua mtoto wake juu ya mauti. Wema huo ulikuwa wa kweli, na Mwamini, aliye hai mpaka leo, ni shahidi.

Lakini ushauri huzaliwa katika maisha ya mtu mmoja. Kabla ya kuuvaa, utazameni kama unakaa katika maisha yenu, katika ardhi mnayoikanyaga. Kuna woga unaomfunga mtu asiseme haki yake; huo mpambane nao. Kuna woga ambao watu wa mahali wameununua kwa makaburi yao. Huo muuheshimu, hata kama hamkuona kilichouleta. Na kutofautisha huu na ule si kazi ya kichwa kimoja kilichojaa furaha. Ni kazi ya nyumba nzima, na majirani pia.

Kosa lililoiangusha nyumba ya Kadiri halikuwa ujasiri. Mke alisema "naogopa" akanyamazishwa kwa swali moja. Jirani alionya akachekwa. Sisi wengine tukasimama juu ya mawe, tukastaajabu. Basi mtu wenu wa karibu akiwaambia anaogopa, msimwite mwoga. Kaeni chini, mmwache aseme mpaka amalize.