Pumzi za Chiriku

Giza lilikuwa linaanza kuingia Chiriku alipobisha mlango wa studio. Alitumwa na mama yake.

"Kazidai pumzi zako kwa huyo fundi anayezikata," mama alikuwa amemwambia, macho mekundu kwa kukesha. "Nimekuwekea kioo puani umelala, mwanangu. Hakikuingia ukungu hata chembe."

Chiriku hakushtuka. Siku hizi hakushtushwa na lolote. Wimbo wake mpya ulipigwa kila saluni, naye aliusikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Fundi mitambo wake alikuwa na mtindo. Kwa kila wimbo alizikata pumzi za mwimbaji katikati ya mistari, sauti ibaki safi. Wenzake hukata wakatupa. Huyu alizihifadhi. Chiriku, aliyetunga nyimbo zake mwenyewe na kugombania kila neno, hilo hakuliuliza.

"Karibu, staa. Umekuja kuringa au kuimba?"

"Nimekuja kuchukua pumzi zangu."

Fundi akacheka. "Za nini? Mashabiki wakusikie unahema kama umepanda ngazi?"

"Mama ameweka kioo."

Kicheko kikakatika.

Chumba kilinuka waya ulioungua. Fundi akanong'ona, "Ile maiki niliinunua msibani, dada. Mwenyewe alikufa hajamaliza wimbo. Tangu hapo kuna mtu anahema humo ndani... Nikawa namlisha zako, asizitake zangu."

Kumbe! Na bado alikuwa akimwita staa. Mwizi ni mwizi tu, hata akivaa hedifoni.

Zamani Chiriku angemrushia kiti. Sasa aliangalia tu kidirisha cha chumba cha kuimbia. Ndani hakukuwa na taa.

Hhhh...

Kioo kikaingia ukungu. Kwa ndani.

Hhhh...

Ukungu wa mdomo mmoja, kimo kilekile cha Chiriku.

"Usiingie," fundi alisema. "Nakuomba, mdogo wangu."

"Ni zangu."

Akaingia. Kulikuwa na baridi ya ndani ya friji. Hakuona mtu. Akabandika mdomo kwenye ule ukungu, akavuta. Akavuta mpaka kioo kikakauka, kifua kikamchoma kama amemeza maji ya moto. Maumivu! Alikuwa ameyasahau. Karibu atabasamu.

Kisha yakapoa, pakabaki ganzi ileile.

Nyumbani, mama alimkalisha kitandani hata viatu hajavua, akamshikia kioo puani.

"Pumua, mama."

Chiriku akapumua. Kioo kikaingia ukungu.

"Asante Mungu!" Mama akacheka huku analia. "Mwanangu amerudi. Kesho namfuata yule mshenzi na mwiko!"

Akakifuta kioo kwa kiganja, akakirudisha, kwa raha tu ya kuona tena.

Chiriku alikuwa amebana pumzi.

Hhhh...

Kioo kikaingia ukungu.

Mama akakiachia kioo, kikaanguka kitandani. Chiriku alikitazama. Alijua hapa ndipo mtu hupiga kelele. Akaisubiri kelele yake ije.

Haikuja.

Badala yake, kutoka kifuani mwake, mtu akaanza kuimba taratibu wimbo ambao yeye hakuutunga.